Jaribio, kielelezo na modeli: maneno ya utafiti wa fizikia na nishati

Katika maandishi ya kisayansi ya Kiswahili, maneno jaribio, mfano, kielelezo na modeli hutumiwa mara nyingi kana kwamba kila moja linaweza kushika nafasi ya jingine. Mwandishi mmoja huandika "jaribio limeonyesha kwamba mtambo utatoa kilowati 10", ilhali hakuna mtambo uliowashwa. Kilichofanyika ni hesabu ya kwenye kompyuta. Mwingine huandika "mfano wa mtambo", na msomaji asijue kama anaelezwa mtambo mmoja kati ya mingi, umbo dogo la mtambo, au milinganyo inayoelezea utendaji wake. Kosa hili si la mtindo peke yake. Mwenye nyumba wa Shirimatunda, katika Manispaa ya Moshi, anayetaka kufunga paneli za jua anahitaji kujua kama tarakimu anayoonyeshwa imepimwa au imekadiriwa, kwa kuwa atakayelipia tofauti ya mambo hayo mawili ni yeye.

Makala haya yanafafanua maneno hayo na mengine yanayofuatana nayo katika utafiti wa fizikia na wa nishati. Kisa kitakachotumika kwanza ni swali la Erasto Mpemba kuhusu kuganda kwa maji, swali lililochapishwa mwaka 1969 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Kisa hicho kinaonyesha vizuri zaidi ya fasili yoyote mahali modeli inapokoma na jaribio linapoanza.

Jaribio

Jaribio (wingi: majaribio, ngeli ya LI-YA) limetokana na kitenzi jaribu, chenye asili ya Kiarabu. Lina maana tatu ambazo hazina budi kutenganishwa.

Kwanza, ni tendo la kutaka kufanikisha jambo: "jaribio la kuvunja rekodi". Pili, ni mtihani mfupi: "mwalimu ametoa jaribio la wiki". Tatu, na hii ndiyo maana ya kisayansi, ni utaratibu wa kuuliza maumbile swali. Mtafiti hubadilisha jambo moja, hushikilia mengine yasibadilike, hupima matokeo, na huandika hatua zake kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuzirudia.

Kwa maana hii ya tatu, kitenzi kinachofaa ni kufanya jaribio, si kujaribu. "Alijaribu kugandisha maji" humwacha msomaji akishuku kwamba hakuweza. "Alifanya jaribio la kugandisha maji" humwambia kwamba alipima na kuandika alichokiona, hata kama maji hayakuganda.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya maneno "jaribio lililoshindwa" yahitaji uangalifu. Katika maana ya kwanza, jaribio la kuvunja rekodi hushindwa rekodi isipovunjwa. Katika maana ya tatu, jaribio lililotoa jibu lisilotarajiwa halijashindwa, limejibu. Hushindwa pale tu linapokuwa halina uwezo wa kujibu, kwa mfano kipimajoto kikiwa kibovu, au mambo mawili yakibadilishwa kwa wakati mmoja.

Mfano, kielelezo na modeli

Mfano lina maana mbili za kale: kitu kimoja kinachotajwa kwa niaba ya vingi vya aina yake, na kitu kinachofanana na kingine. Kwa kuwa maana ya kwanza hutumika katika karibu kila ukurasa, ni vyema kuliachia neno hili kazi hiyo.

Kielelezo (wingi: vielelezo; ngeli ya KI-VI) lina uhusiano na vitenzi elea na eleza, yaani kuwa wazi na kufanya jambo liwe wazi. Mahakamani, kielelezo ni kitu kinachotolewa kuwa ushahidi. Vitabuni, ni mchoro au picha. Katika uhandisi, linafaa kwa umbo linaloonekana, kama vile gurudumu dogo la mbao lililotengenezwa kuonyesha jinsi mtambo mkubwa wa maji utakavyozunguka.

Modeli (ngeli ya I-ZI) ni neno la mkopo, na limepata nafasi kwa sababu linataja jambo ambalo maneno mawili yaliyotangulia hayalitaji bila utata: mkusanyiko wa mambo yanayochukuliwa kuwa kweli, pamoja na milinganyo inayotokana nayo, unaotumiwa kukadiria kitu kitakavyokuwa. Kazi ya kuitengeneza huitwa kuunda modeli, na kuiendesha kwenye kompyuta ili kuona inatabiri nini huitwa uigaji.

Kila modeli ina sehemu mbili: yaliyoingizwa na yaliyoachwa. Kuacha si udhaifu. Ramani ya Moshi yenye kila jani la kila mgomba isingemsaidia msafiri. Udhaifu huanza mtumiaji anaposahau kwamba kuna yaliyoachwa, akaichukulia modeli kuwa ndiyo maumbile yenyewe.

Swali la Mpemba

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, karibu na Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo. Mwenzake mmoja aliamua kuweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliyaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yale ya moto yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa likizoni Tanga, aliwakuta watengenezaji wa aiskrimu waliokuwa wakiweka mchanganyiko wa moto kwenye jokofu kwa makusudi, kwa kuwa walijua huganda upesi. Katika Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mara hii alichekwa darasani. Ndipo Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, alipofika shuleni kutoa mhadhara. Mpemba alimuuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji ya kiasi sawa, kimoja kikiwa na maji ya nyuzijoto 35 na kingine ya nyuzijoto 100, ukaviweka kwenye jokofu, kilichokuwa na nyuzijoto 100 huganda kwanza. Kwa nini?

Wanafunzi walicheka. Osborne hakuwa na jibu, lakini aliporudi Dar es Salaam alimwomba fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi alirudi na habari kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kwamba wangeendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Kauli hiyo huchekesha, lakini inaeleza kwa ufupi kosa linalojadiliwa hapa: modeli ilikuwa imepewa cheo cha kuamua jaribio lipi ni sahihi. Osborne na Mpemba waliandika makala pamoja, yakachapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education.

Modeli iliyowafanya watu wacheke

Walimu hao hawakuwa wajinga. Waliongozwa na kanuni ya Newton ya kupoa: kasi ya kitu kupoa hulingana na tofauti kati ya halijoto yake na ya mazingira. Kwa kanuni hiyo, maji ya nyuzijoto 100 huanza kupoa upesi kuliko ya nyuzijoto 35. Hata hivyo, kabla ya kuganda lazima yapite kwenye nyuzijoto 35, na yakifika hapo yatakuwa na safari ileile iliyokuwa mbele ya mwenzake tangu mwanzo. Aliyeanza nyuma hawezi kumpita aliyeko mbele ikiwa barabara ni moja.

Hoja hii haina kasoro ya kimantiki. Sharti lake ni moja: kwamba hali nzima ya maji inaelezwa na namba moja, yaani halijoto. Maji ya nyuzijoto 35 yaliyotoka kwenye nyuzijoto 100 yachukuliwe kuwa sawa kabisa na maji ya nyuzijoto 35 yaliyotoka bombani. Sharti hilo ndilo lililowekwa kimya ndani ya modeli, na ndilo ambalo swali la mwanafunzi liligusa.

Ndani ya chombo yapo mambo ambayo namba moja haiyabebi. Maji ya moto hupoteza sehemu ya ujazo wake kwa kugeuka mvuke. Hupoteza pia hewa iliyoyeyuka ndani yake. Ndani yake maji huzunguka, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka, hivyo juu na chini huwa na halijoto tofauti. Chombo cha moto kinaweza hata kuyeyusha sakitu iliyo chini yake na kugusana vyema zaidi na jokofu. Osborne alipima baadhi ya mambo haya. Aliona kwamba utando wa mafuta juu ya maji ulichelewesha sana kuganda, ishara kwamba joto jingi lilikuwa likitokea juu. Na kwamba maji yaliyopotea kwa mvuke hayakutosha kueleza tofauti yote.

Mjadala haukufungwa mwaka 1969. Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa uangalifu bila kuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hufika nyuzijoto sifuri kabla ya maji baridi. Walionyesha pia kwamba tofauti ndogo ya kimo cha kipimajoto ndani ya chombo inaweza kuleta matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Mwaka 2020, Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walichapisha katika jarida la Nature jaribio lililotumia chembe ndogo sana ya kioo ndani ya maji badala ya kugandisha maji yenyewe. Humo tukio hilo lilionekana waziwazi na kwa namna inayoweza kurudiwa. Hivyo sentensi iliyo salama si "maji ya moto huganda upesi kuliko maji baridi", wala si "Mpemba alikosea". Iliyo salama ni hii: "Katika hali fulani, kitu kilichoanza na halijoto ya juu kimeonekana kufika mwisho wa kupoa kabla ya kilichoanza na halijoto ya chini; kama hutokea kwa maji ya kawaida, na kwa masharti gani, bado kunabishaniwa."

Maneno matatu yaliyojificha ndani ya swali

La kwanza ni joto. Katika mazungumzo, joto hutaja nishati inayohama kutoka kwenye kitu chenye moto kwenda kwenye kitu cha baridi, na pia kiwango cha umoto wa kitu. Fizikia hutenganisha mambo hayo. Nishati inayohama ni joto. Kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto ni halijoto (hali na joto) au jotoridi (joto na baridi). Birika la chai na beseni la maji ya kuoga vinaweza kuwa na halijoto moja, lakini beseni litahitaji kupoteza joto jingi zaidi ili lipoe.

La pili ni maji yanayochemka. Hii ni hali, si namba. Pwani, maji huchemka karibu na nyuzijoto 100. Mjini Moshi, zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na nyuzijoto 97, na kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, karibu na nyuzijoto 80. Anayeandika "tulitumia maji yanayochemka" bila kutaja mahali ameacha nusu ya habari.

La tatu ni ganda. Je, maji huhesabiwa kuwa yameganda chembe ya kwanza ya barafu inapoonekana, au yanapokuwa barafu tupu? Sehemu ya tofauti kati ya watafiti hutokana na kipimo walichokichagua. Hapa sarufi ya Kiswahili inasaidia: "yameanza kuganda", "yanaganda" na "yameganda" ni hatua tatu zilizo wazi. Kiambishi -me- kitumike pale tendo lilipokamilika tu. Vilevile itenganishwe ganda, ambayo maji hutenda yenyewe, na gandisha, ambayo mtu au jokofu huyatendea.

Kutoka barafu hadi umeme

Utafiti wa nishati hupita njia ileile. Wachagga wamechimba mifongo, yaani mifereji ya kuleta maji ya mlimani mashambani, kwa vizazi vingi, na mito ya mlima huo huchangia maji ya Mto Pangani, ambako bwawa la Nyumba ya Mungu lina kituo cha umeme cha megawati 8. Kikuletwa, wilayani Hai, palipokuwa na kituo cha zamani cha umeme wa maji, Chuo cha Ufundi Arusha hufundisha masuala ya nishati jadidifu. Mtu anayetazama mkondo wa maji kwenye mteremko kama huo huanza na modeli rahisi: zidisha kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde, kimo cha mporomoko, na 9.8.

Tuchukue mkondo wenye lita 50 kwa sekunde unaoporomoka mita 20. Hesabu inatoa kilowati 9.8. Ikichukuliwa kwamba asilimia 60 tu ya hizo ndiyo itakayogeuka umeme, zinabaki kilowati 5.9 hivi. Kufikia hapa hakuna jaribio lililofanyika. Lita 50 zilitoka wapi? Zikipimwa Aprili, wakati wa masika, modeli itaahidi umeme ambao kiangazi hakitautoa. Kupima mkondo huohuo kila mwezi, kwa mwaka mzima, ndilo jaribio litakalosema kama modeli ifuatwe. Sentensi sahihi kabla ya hapo ni "modeli inakadiria kilowati 5.9", baada ya mtambo kufungwa na kupimwa ndipo inafaa kusema "mtambo umetoa".

Kwa mwenye nyumba wa Shirimatunda, modeli imebandikwa nyuma ya paneli. Paneli iliyoandikwa wati 100 hutoa wati hizo katika masharti ya maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba, na seli zenye nyuzijoto 25. Juu ya paa la mabati mchana, seli zinaweza kufika nyuzijoto 55. Seli nyingi za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzijoto moja iliyozidi 25. Kwa nyuzijoto 30 zilizozidi, ni asilimia 12. Wati 100 zimekuwa 88, kabla ya kuhesabu vumbi, nyaya, betri, na mawingu ya Juni hadi Agosti. Kibandiko hakikudanganya, kilitaja masharti yake. Mnunuzi aulize: "Namba hii imepimwa wapi, na kwa masharti gani?"

Nguvu, nishati na vivumishi vyake

Wati hupima nguvu, yaani kasi ya kutoa au kutumia nishati. Nishati, neno lenye asili ya Kiarabu, hupimwa kwa wati-saa. Paneli inayotoa wati 88 kwa saa 5 imetoa wati-saa 440. Kuandika "paneli ya wati 440 kwa siku" ni kuchanganya mambo mawili. Msukumo au mvuto unaobadilisha mwendo wa kitu huitwa kani, ingawa katika mazungumzo nao huitwa nguvu.

Vivumishi vinne hufuata nishati, na havina maana moja. Nishati jadidifu, kutokana na jadidi, yaani kufanya upya, ni ile ambayo chanzo chake hujirudishia: jua, upepo, maji. Nishati mbadala ni yoyote inayoshika nafasi ya iliyozoeleka. Nishati safi hutazama moshi na afya ya mtumiaji. Nishati endelevu hutazama kama matumizi yake yanaweza kudumu bila kuharibu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi jikoni ifikapo 2034. Gesi ya mtungi imo katika nishati safi hiyo, lakini si jadidifu, kwa kuwa hutoka ardhini na haijirudishii. Kuni za mti uliopandwa upya ni jadidifu, lakini moshi wake jikoni si safi. Kutumia kivumishi kimoja mahali pa kingine ni kuahidi jambo ambalo halikusemwa.

Muhtasari wa matumizi

Andika "modeli inakadiria" au "modeli inatabiri". Usiandike "modeli imethibitisha".

Andika "jaribio limeonyesha" pale tu kitu kilipopimwa, na utaje masharti ya kipimo.

Tumia "mfano" kwa kimoja kati ya vingi, "kielelezo" kwa mchoro au umbo linaloonekana, na "modeli" kwa milinganyo na mambo yanayochukuliwa kuwa kweli.

Tumia "halijoto" au "jotoridi" kwa namba ya kipimajoto, na "joto" kwa nishati inayohama.

Jibu la jaribio likipingana na modeli, usiandike kwamba jaribio limeshindwa. Andika kwamba limepingana na modeli, kisha uchunguze vyote viwili: vipimo vilivyochukuliwa, na yale ambayo modeli iliyaacha nje.